SOMO: VIONGOZI WANAPOTOFAUTIANA JUU YA MATUMIZI

Katika vyama vingi vya msingi mwenyekiti ndiye asemaye ghala lijengwe, na mweka hazina ndiye aulizaye fedha zatoka wapi. Wanachama hudhani huo ni ugomvi wa watu wawili. Tanzania iliwahi kuyaona mabishano ya namna hiyo katika ngazi ya juu kabisa.

Mwaka 1979 nchi ilikuwa imekaukiwa fedha za kigeni. Bei nzuri ya kahawa ya 1976 na 1977 ilikwisha kushuka, vita dhidi ya Idi Amin vilimeza fedha nyingi, na mafuta yalipanda bei. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hapana budi kupatana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yalikuwa machungu: kushusha thamani ya shilingi na kubana matumizi ya Serikali. Rais Julius Nyerere aliyakataa. Kwake, shule na zahanati za vijijini hazikuwa anasa ya kukatwa kwa amri ya mgeni. Mtei alijiuzulu Desemba 1979. Hakubaki ofisini akitekeleza asiloliamini, jambo ambalo waweka hazina wengi hawaliwezi.

Suala la shilingi lataka kuelezwa taratibu, maana ndilo lililomgusa mkulima. Kahawa huuzwa nje kwa dola, na wakati ule dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 8 na senti kadhaa. Thamani ya shilingi ikishushwa, dola ile ile huleta shilingi nyingi zaidi, na mkulima aweza kulipwa zaidi. Lakini dawa ya mikahawa na mafuta ya lori navyo hununuliwa kwa dola. Basi mkulima alikuwa na hoja upande wa Waziri, na hoja upande wa Rais. Pa kuzisemea hakuwa napo: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, na sheria ya kuvirudisha ilipitishwa 1982.

Mapatano na shirika hilo yalifikiwa 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na dola ikafika shilingi 40. Miaka ya kungoja ilikuwa ya maduka matupu; miaka iliyofuata ikaleta ada za matibabu.

Swali la kujadiliwa: mwenyekiti na mweka hazina wakitofautiana juu ya makisio, je, muhtasari wa kamati huandika hoja za wote wawili, au uamuzi peke yake?