Dondoo muhimu: Likizo Hallstatt, Austria
Hallstatt, kijiji chenye wakazi wasiofika 800, kimebanwa kati ya mlima na ziwa katika eneo la Salzkammergut. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya maji, hivyo ratiba ya kivuko huangaliwa kwanza, hasa kwa anayefika jioni. Mchana mabasi hushusha watalii hadi vichochoro vikajaa. Utulivu hupatikana alfajiri na usiku, na ndiyo sababu chumba cha kijijini, ingawa ni ghali, kina thamani yake. Ndani ya mgodi wa chumvi wa Hallstatt, joto ni takriban nyuzi 8 hata Julai: sweta ni lazima. Anayehitaji viza ya Schengen huruhusiwa kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, akiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.