SOMO: UKAZAJI WA MNYORORO WA BAISKELI ISIYO NA GIA

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaotumia baiskeli zisizo na gia wanakumbushwa kuukagua mnyororo mara kwa mara, hususan wale wanaopakia mizigo ya samaki, ndizi au mkaa, na wazee wanaowapeleka watoto skuli. Mnyororo uliolegea huchopoka kwenye meno, na huweza kunasa baina ya gurudumu na fremu ukamwangusha mpandaji. Kwa baiskeli ambayo breki yake hufungwa kwa kukanyaga kinyumenyume, hatari ni kubwa zaidi: mnyororo unapotoka, breki hiyo nayo hupotea papo hapo. Aidha, mnyororo uliokazwa kupita kiasi humchosha mpandaji na huharibu gololi.

KUPIMA. Baiskeli isimamishwe imara, kisha mnyororo ubonyezwe kwa kidole katikati, baina ya meno ya mbele na ya nyuma. Mchezo wake wote, juu na chini, uwe kiasi cha milimita 12, yaani nusu inchi. Meno ya mbele kwa kawaida hayamo katika duara kamili; hivyo kanyagio lizungushwe taratibu na kipimo kichukuliwe pale mnyororo unapokaza zaidi.

KUKAZA.
(a) Nati mbili za mhimili wa gurudumu la nyuma zilegezwe kwa spana bila ya kutolewa. Penye breki ya kukanyaga, mkono wa breki ulioshikizwa kwenye fremu ulegezwe pia.
(b) Gurudumu livutwe nyuma hadi mchezo uliotajwa upatikane.
(c) Ihakikishwe kuwa tairi imesimama katikati ya fremu na haisugui upande wowote.
(d) Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwani nati inapokazwa huweza kulisogeza gurudumu. Mkono wa breki nao urejeshwe na kukazwa.
(e) Mnyororo upimwe tena. Kwa baiskeli yenye breki za vyuma, mipira ya breki irekebishwe, maana ukingo wa gurudumu umehama mahali pake.

KUCHAKAA. Mnyororo mpya, kutoka pini ya kwanza hadi pini ya 25, una urefu wa inchi 12, karibu milimita 305. Ukifikia milimita 308 ubadilishwe. Haifai kuukata pingili mnyororo uliochakaa ili kuufupisha: hata ukikaza, pingili zake hazikai tena sawasawa katika meno, na meno yenyewe huliwa. Meno yaliyopinda mfano wa ndoana yabadilishwe pamoja na mnyororo. Kibanio cha pingili ya kuungia kivishwe upande wake uliozibika ukitangulia mwendo wa mnyororo. Kikigeuzwa huweza kung'oka.

UTUNZAJI. Hewa ya chumvi huleta kutu na mchanga husaga pini. Mnyororo upanguswe kwa kitambaa, utiwe tone moja la oili katika kila kiungo, kisha mafuta yaliyozidi yafutwe. Grisi nzito isipakwe juu yake, kwani hunasa mchanga.

Anayesafiri na mzigo au mtoto hana budi kuupima mnyororo kabla ya kuondoka. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na spana moja yatosha kuukaza.