Somo Moja, Maumbo Mengi: Kuandaa na Kukagua Nakala

Mwalimu mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kufundisha katika kata kama Mkonze, jijini Dodoma, hulazimika kuliandika somo moja mara nne au tano: katika andalio la somo, ubaoni, kwenye bango, kwenye karatasi za zoezi, na pengine kwa nukta nundu. Kila anaponakili, kosa laweza kupenya.

Tuchukue somo la mvua. Wastani wa mvua ya Dodoma ni takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Bango linasema 570, lakini kwenye karatasi za zoezi sifuri imedondoka, ikabaki 57. Mtoto anayekokotoa kwa karatasi atapata jangwa. Mwenzake anayetazama bango atapata nchi ya mtama na uwele. Wote wamekokotoa sawasawa, lakini mmoja wao atawekewa alama ya kosa lisilo lake.

Kinga yake ni nakala mama: maandishi kamili ya somo, ambayo kila umbo jingine hutolewa humo, wala si umbo moja kutolewa katika jingine. Ukigundua kosa kwenye bango, usilifute hapo na kuondoka. Sahihisha kwanza nakala mama, kisha maumbo yote yaliyotokana nayo. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, kwa maana bango li ukutani na nakala mama i nyumbani.

Kazi hii si ngeni nchini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, yapata watu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu na kujadiliana. Redio na kitabu vikipingana katika mkutano wa namna hiyo, kiongozi wa kikundi ataamini kipi?

Leo mwenye kompyuta aweza kutumia programu kama Pandoc, iliyotolewa na John MacFarlane mwaka 2006, ambayo hugeuza faili moja kuwa ukurasa wa kuchapwa, kitabu cha kielektroniki au slaidi. Inapunguza kunakili kwa mkono. Hata hivyo, haijui kama mvua ni 570 au 57. Kosa nalo huligeuza kwa uaminifu uleule.

Kwa hiyo kila umbo likaguliwe kwa njia yake. Bango lisome ukiwa umesimama nyuma ya dawati la mwisho. Kwa karatasi, mwenzako asome nakala mama kwa sauti, tarakimu mojamoja, “tano, saba, sifuri”, nawe ufuate kwa kidole. Kisha fanya zoezi lote mwenyewe kwa kutumia karatasi ya mtoto peke yake.

Nukta nundu zadai uangalifu zaidi. Tarakimu huandikwa kwa nukta zilezile za herufi a hadi j, zikitanguliwa na alama ya tarakimu. Alama hiyo ikisahauliwa, 570 husomeka “egj”. Mwalimu anayeona hulipita kosa hilo kwa wepesi. Mkabidhi karatasi msomaji wa nukta nundu, na mkoani Dodoma tunayo shule ya wasioona ya Buigiri, akuambie alichokisoma kwa vidole. Usimdokezee jibu.

Mwishowe andika nyuma ya kila umbo tarehe ya nakala mama iliyotumika. Bango lenye tarehe ya zamani literemshwe kabla ya kengele ya asubuhi.