Furukombe na Simbiliki

Kaskazini ya Lubumbashi, ukuta wa Mwadingusha umezuia maji ya mto Lufira, na hivyo likatokea ziwa Tshangalele. Kando ya maji kama hayo, penye matete mengi, huishi viumbe wawili wasiofanana: furukombe, yaani tai mla samaki, na simbiliki, ambaye katika Tanzania huitwa ndezi. Msomaji na awatazame vema.

Furukombe huketi juu ya mti mrefu, kichwa na kifua vyeupe, na sauti yake husikika mbali. Amwonapo samaki karibu na uso wa maji, hushuka upesi na kumkamata kwa kucha. Chini ya vidole vyake mna vijiba vikali, ili samaki mtelezi asimponyoke.

Simbiliki hukaa chini, amefichwa na majani, naye hutoka usiku. Manyoya yake ni magumu, na meno yake ya mbele hukata matete, miwa na mahindi. Akishtuka hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, tena hukimbilia majini, kwani ajua kuogelea. Jike hubeba mimba miezi mitano hivi; watoto huzaliwa macho wazi.

Je, nani aliye bora? Watu humsifu furukombe kwa sababu huonekana. Lakini simbiliki mkubwa humzidi kwa uzito, na juu ya mti hafai kitu, kama vile furukombe asivyofaa kitu ndani ya matete. Kila mmoja ana nguvu mahali pake.

Hata hivyo, wote wawili huyategemea matete yale yale. Simbiliki hupata humo chakula na maficho. Samaki wadogo nao hujificha humo wapate kukua, na samaki ndio chakula cha furukombe. Basi mtu achomaye matete wakati wa kiangazi ili awinde simbiliki, huunguza pamoja majike wenye mimba na watoto wao. Akifanya hivyo kila mwaka, nyama hupungua, nyavu hurudi nyepesi, na mti mrefu hubaki bila ndege.

Mwindaji mwenye akili hutega kando ya shamba, pale simbiliki anapoharibu mahindi, na matete huyaacha yasimame.

Maswali
1. Vidole vya furukombe vina nini, na kwa sababu gani?
2. Simbiliki hukimbilia wapi akishtuka?
3. Mtu akichoma matete, ni nani wanaopata hasara?