Ngalawa na Mlango wa Mwamba

Wakati wa kusi, hasa katika miezi ya 6 na 7, bahari ya pwani ya Tanzania huchafuka. Basi yatupasa sisi tusafirio kwa ngalawa kushika mambo matatu.

Kwanza, tanga lipunguzwe mapema, kabla upepo haujazidi. Tena ashikaye demani asiifunge kabisa; dharuba ijapo, ailegeze mara moja, matengo yasizame.

Pili, wimbi kubwa tusilipokee ubavuni, bali tulielekeze omo kwalo kwa mshazari. Wala tusichoke kufua maji, maana chombo kilichojaa maji hakitii usukani. Kikipinduka, tusikiache: mti huelea, nao huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuutazame mlango wa mwamba kabla ya kuuingia. Maji yapwapo hutoka humo kwa kasi, yakapambana na upepo utokao baharini. Ndipo mawimbi husimama wima na kuvunjika. Afadhali tungoje nje penye kina, ijapokuwa samaki wataharibika. Baada ya muda wa saa sita hivi maji hurudi kujaa, na mlango hupungua ukali. Samaki wengine watavuliwa kesho. Mvuvi aliyezama harudi kwa watoto wake.