BWANA SPICER-SIMSON NA MASHUA MBILI

Geoffrey Spicer-Simson alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia katika manowari za Kiingereza angali kijana wa miaka 14. Wenzake wengi walipanda vyeo, yeye akaachwa nyuma. Mwaka 1915 alipewa kazi ya kupeleka mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, mpaka Ziwa la Tanganyika, ambalo Wadachi walilitawala kwa meli zao.

Kutoka Cape Town mashua zilipakiwa katika gari la moshi hata Fungurume, nchi ya Kongo. Mbele yake ilikuwa milima ya Mitumba. Watu wengi walifyeka njia na kujenga madaraja. Ng'ombe na magari mawili ya mvuke vikazivuta mashua. Maji ya magari hayo yalipopungua, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa mitungi.

Mashua zilifika ziwani Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Wadachi Kingani ilitekwa, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Bwana Spicer-Simson akapata nishani.

Basi, msomaji, usikiapo sifa za nahodha, uliza pia ni nani waliochukua maji.