Kwa Nini Dawa ya Kiwele Hukataa Kufanya Kazi

Mkulima wa Lugari, Mautuma au Chekalini akiona upande mmoja wa kiwele umevimba na maziwa yanatoka na mabonge, hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hununua tyubu moja, ingawa karatasi ya dawa inasema tatu. Kesho yake uvimbe umepungua, maziwa ni meupe, naye husema, "Ng'ombe amepona." Baada ya majuma machache ugonjwa hurudi, na dawa ile ile haisaidii tena. Hapo mwenye duka hushtakiwa kuwa ameuza dawa mbovu. Pengine ni kweli, lakini iko sababu nyingine ambayo kila mwenye ng'ombe wa gredi inampasa aijue.

Ugonjwa huu huletwa na viini, yaani viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Si viini vyote ni adui. Viko vinavyogandisha maziwa ya mala, na viko vinavyoozesha samadi. Vile vibaya huingia kwa tundu la chuchu, na vingine hujificha ndani kabisa ya nyama ya kiwele.

Dawa ya kuviua ilionekana kwa bahati. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, daktari Alexander Fleming aliona ukungu umeota katika sahani aliyokuwa akikuzia viini, na viini vilivyokuwa karibu na ukungu vimekufa. Ukungu huo ndio uliotoa penisilini. Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford waliisafisha ikawa dawa, na mwaka 1941 walimdunga askari polisi mmoja aliyekuwa mahututi. Alianza kupata nafuu. Kisha dawa ikaisha, kwa maana ilikuwa kidogo mno ulimwenguni, hata wakaitafuta katika mkojo wake. Ugonjwa ukarudi, akafa. Yeye alikosa dawa kwa sababu haikuwapo. Sisi huiacha nusu dukani.

Dawa nyingine zilitoka katika udongo. Mwaka 1943 Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, alipata streptomisini kutoka kwa viini vya udongo. Mwaka 1948 Benjamin Duggar alitangaza dawa ya kwanza ya jamii ya tetrasiklini, nayo ilitoka katika udongo wa Missouri. Ile dawa ya manjano ambayo Bwana Mifugo hudunga mara nyingi ni ya jamii hiyo. Viini vya udongo hugombania chakula kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba, na baadhi yao hutoa sumu ya kuwafukuza wenzao. Binadamu ameazima silaha hiyo tu.

Penisilini hufanyaje kazi? Kiini kina ukuta, na kinapokua lazima kiujenge. Penisilini humzuia fundi. Ukuta hubaki na nyufa, maji huingia, kiini hupasuka. Mwili wa ng'ombe hauna ukuta wa namna hiyo, basi yeye hadhuriki. Tetrasiklini haibomoi kitu. Huzuia kiini kisijitengenezee protini, kikakosa kukua, na mwili wenyewe ukakimaliza.

Sasa fikiri viini 1,000,000 katika kiwele. Pengine 10 kati yao ni vigumu kidogo kuliko wengine. Tyubu moja huua vile dhaifu, na uvimbe hushuka. Vile 10 hubaki na nafasi yote. Viko viini ambavyo, vikiwa katika hali nzuri, huzaana kila dakika 20, na watoto wao wote hurithi ugumu ule. Vingine hutoa kitu cha kuikatakata penisilini. Chain mwenyewe na mwenzake Edward Abraham waliona jambo hilo mwaka 1940, kabla dawa haijauzwa popote. Vingine huitapika dawa nje. Tena viini huweza kupeana siri hii hata kama si wa kabila moja. Hata dozi kamili huchagua vile vigumu, ndiyo maana dawa isitumiwe pasipo haja. Kumdunga ng'ombe mwenye ndigana kali kwa penisilini ni kutupa fedha, maana kiini cha ndigana ni cha aina nyingine kabisa.

Wazee wa Kakamega wameliona jambo hili katika malaria. Klorokwini, kile kidonge kichungu, kilikuwa tegemeo la kila nyumba. Mwaka 1978 habari za malaria isiyosikia klorokwini zilianza kutoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1998 Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza, ikachukua dawa ya salfa, nayo haikudumu. Mwaka 2004 Serikali ilichagua dawa mbili pamoja, moja yao ikitokana na mmea wa Kichina. Kiini kinachoweza kushinda moja ni nadra kushinda zote mbili.

Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi zipite. Ukiyachanganya na ya wenzako, mala ya kiwandani yaweza kukataa kuganda, kwa sababu dawa imeua viini vizuri. Wengi huona uchungu kuyamwaga, wakampa ndama. Hilo ni baya pia: viini vya tumbo la ndama hujifunza ugumu, kisha samadi yake huenda shambani na mikononi mwa watoto.

Dawa ikikataa, usiongeze nyingine kwa kubahatisha. Mwite Bwana Mifugo kabla ya kutia tyubu yoyote. Ataosha na kukausha chuchu, kupangusa tundu lake kwa spiriti, kumwaga matone ya kwanza, kisha kukamua kidogo katika chupa safi kabisa na kuipeleka katika baridi kwenye maabara ya mifugo ya Eldoret. Huko viini hukuzwa katika sahani na kuwekewa dawa mbalimbali, ionekane ni ipi bado inaviua.